Daftari la Vipimo

Bibi Fidelia hakuwahi kumwona rais hata mmoja.
Aliwajua kwa sentimita.

Sucre, mwaka wa thelathini na mbili.
Chumba chenye dirisha moja, cherehani ya kukanyaga,
na barua zilizomfikia kwa nyumbu, kwa treni,
miaka ikienda, kwa ndege:
kutoka nchi za kahawa, nchi za shaba,
nchi zenye ng'ombe wengi kuliko wapiga kura.
Juu, muhuri wa nta. Ndani, mistari miwili:
Mshipi wa hariri, nyuzi za dhahabu, ngao ya taifa kifuani.
Kiuno cha Mheshimiwa, mia na nane. Haraka.

Haraka. Neno hilo halikukosekana kamwe.
Aliyeuliza haraka ya nini
hakuwa fundi, alikuwa mahabusu mtarajiwa.

Daftari ninalo mimi sasa.
Panya wamekula pembe yake moja, wakaona halina ladha.

Jenerali Evaristo Larrañaga: mia na nane.
Miaka miwili mbele, Larrañaga tena: mia na kumi na tisa.
Pembeni bibi kaandika kwa penseli, herufi ndogo za mtu anayeogopa:
"Mkate umepanda bei. Yeye amepanda sentimita."

Dakta Belisario Ugarteche, mwalimu wa sheria:
sabini na nne, mwembamba kama sindano.
Alitaka nyuzi za pamba badala ya dhahabu.
Alilipa kabla.
Alitawala siku arobaini na moja.
Mshipi ukarudi ndani ya kifurushi, umefuliwa,
na barua ya heshima kutoka kwa mrithi wake
kuuliza kama fundi anaweza kuupanua.
Umefuliwa, nasema.
Lakini maji baridi hayatoi kila kitu.

Bibi alifumua, akapanua, akageuza ndani nje.
Dhahabu ya aliyepinduliwa ikamshonea aliyempindua;
uzi ule ule ulizunguka bara zima,
ukipita bega hadi bega,
na kila bega liliapa kuwa ndilo la kwanza.

Serikali tisa zilianguka zikiwa na deni lake.
Dawa ya deni ni kulipa, tunaambiwa.
Kumbe ipo dawa nyingine,
hupiga hodi alfajiri ikiwa na vifaru.

Na karibu wote, wanene kwa wembamba,
waliongeza sharti moja mwishoni mwa barua:
Acha pindo la vidole vinne, kwa ajili ya miaka ijayo.
Akaacha.
Vidole vinne kwa yule, vidole vinne kwa huyu,
hariri nzuri iliyokunjwa gizani ikisubiri tumbo.
Hakuna aliyerudi kufumua pindo,
isipokuwa Larrañaga, na yeye mara moja tu.

Babu yangu Crisóstomo hayumo daftarini.
Alipelekwa mpakani na yule wa mia na kumi na tisa,
akarudishwa ndani ya sanduku
ambalo seremala alilikata kwa kukisia.
Nilimuuliza bibi: babu alikuwa na kifua cha ngapi?
Alinyoosha mikono mbele yake, akaifunga kwenye hewa,
akaiacha hapo.
"Hivi," akasema.

Ukurasa wa mwisho hauna cheo wala muhuri.
"Hilaria. Bega hadi goti, hamsini na tano.
Kitambaa: mabaki.
Pindo: vidole vinne."

Hilaria ni mimi.
Nilikwenda shule na gauni la bluu
lenye bitana ya hariri ya mataifa matano,
likinitekenya mapajani kila nilipokimbia.
Pindo langu lilifumuliwa mara tatu.